Gari limenyanyuliwa, sasa mbele linakaba: maswali tunayoulizwa kila mara gereji, Dodoma

Maswali haya yanatoka kwa wenye Hilux, Land Cruiser Mkonga, Hardbody, Ranger na pikapu nyingine za fowili (injini inaweza kuzungusha magurudumu yote manne) zilizoongezwa kimo kwa koili ndefu, spesa au springi za kuongezea. Mengi huja msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, watu wanapoanza kugusa ile gia ndogo ambayo kiangazi chote walikuwa wameisahau. Tumeyapanga jinsi fundi makini anavyoifuata kazi: kwanza linakaba wakati gani, kisha linakabia wapi. Vipuri ni mwisho kabisa.

Nitajuaje kwamba mbele kunakaba?

Usukani unakuwa mzito kwenye kona na gari linapunguza mwendo lenyewe ingawa hujagusa breki. Matairi ya mbele yanalia au yanarukaruka. Gia ya transifa, ile giaboksi ndogo iliyo nyuma ya giaboksi kubwa, inagoma kutoka 4H (fowili) kurudi 2H (magurudumu ya nyuma pekee), na ikikubali unasikia mlio mzito chini ya miguu. Wengine hawaoni chochote zaidi ya matairi ya mbele kulika haraka na mafuta kuisha mapema.

Mtetemo ni shauri jingine. Gari linalotetemeka kadiri unavyoongeza mwendo kwenye barabara iliyonyooka kwa kawaida lina kasoro ya propela (shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli), balansi ya matairi au jointi ya usukani. Gari linalokaba linakuzuia. Mara nyingi yote mawili yapo kwenye gari moja lililonyanyuliwa, lakini yapime kila moja peke yake.

Linakaba nikiwa 4H kwenye lami, hasa nikizunguka kipilefti. Ni bovu?

Hapana. Hilo ndilo swali la kwanza kwa wingi, na jibu lake halihitaji spana.

Pikapu nyingi zina fowili ya kuweka na kutoa. Ukiweka 4H, transifa inafunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja. Katikati hakuna difu (kifaa cha gia kinachogawa mzunguko) ya kuziachia zitofautiane. Kwenye kona, ekseli ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Chukua Hilux ya milango minne yenye umbali wa mita 3.085 kati ya ekseli mbili. Ikikata robo ya mduara huku katikati ya ekseli ya nyuma ikiwa mita 6 kutoka kitovu cha kona, ekseli ya nyuma inatembea kama mita 9.4 na ya mbele kama mita 10.6. Zaidi ya mita nzima ya tofauti lazima iende mahali fulani. Kwenye mchanga au matope tairi linateleza kidogo na deni limelipwa. Kwenye lami kavu tairi halitelezi, kwa hiyo msokoto unajikusanya ndani ya propela, difu na transifa mpaka kitu kiachie.

Ukiwa umeshakaba, nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache taratibu huku ukiivuta gia kuelekea 2H. Ikigoma, pandisha magurudumu ya upande mmoja kwenye vumbi la pembeni, msokoto utaachia. Usiipige gia teke.

Kanuni ya matumizi ni rahisi: ukiingia kwenye mbuga ya Bahi kufuata mashamba ya mpunga, weka. Ukirudi kwenye barabara ya Singida, toa kabla gari halijashika kasi.

Gari langu ni Prado, fowili yake haitolewi. Na hilo?

Prado za kizazi cha 120 na 150, na nyingi za Land Cruiser 100, zina difu katikati ya transifa, ndiyo maana zinakata kona kwenye lami bila ubishi. Zikikaba, angalia kwanza kama kifungo cha kufunga difu ya katikati kimebonyezwa au kimeganda. Taa ya dashibodi haitoshi kuwa shahidi. Swichi inaweza kusema imefunguka wakati uma wa ndani haujasogea, hasa kwa gari lililokaa muda mrefu bila kifungo hicho kuguswa.

Nina habu za kufunga kwa mkono. Zinaweza kunisaidia kujua?

Sana. Acha gia kwenye 4H, shuka, zungusha habu zote mbili (viunganishi vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele) zikae FREE, yaani huru, kisha kata kona ileile uliyokuwa unakata. Kukaba kukiisha, ulikuwa ule msokoto wa fowili tu. Kukibaki, usiitazame transifa kabla ya kuangalia breki, beringi na usukani.

Sasa geuza jaribio. Rudisha 2H, funga habu zikae LOCK, kata kona tena. Hapo draivu shafti (zile fupi za pembeni ziendazo kwenye magurudumu), difu ya mbele na propela ya mbele vyote vinazunguka lakini havijaungana na nyuma. Likikaba katika hali hii, tatizo ni la kweli: jointi iliyoganda, difu yenye beringi mbovu, au transifa ambayo haijaachia ingawa gia inasema 2H.

Kuna mtego mmoja. Habu moja ikifunga na nyingine isifunge, difu inapeleka mzunguko wote upande ulio huru. Hakuna kuvuta, na hakuna kukaba. Kwa hiyo gari la kuweka na kutoa ambalo halikabi hata kidogo likiwa 4H kwenye lami kavu halina afya njema. Fowili yake haifanyi kazi, na utaligundua hilo katikati ya korongo.

Hilux za zamani zenye habu za otomatiki zinahitaji kurudi nyuma mita kadhaa baada ya kuweka 2H ili habu ziachie. Wengi hawajui, wanatembea nazo zimefunga hadi Kibaigwa.

Linakaba hata nikiwa 2H na habu ziko huru. Hapo je?

Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, na sogeza kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko wenzake, breki ya hapo inashika au beringi imekazwa kupita kiasi. Gari lililonyanyuliwa lina sababu yake ya ziada: mpira wa breki uliokuwa unatosha sasa unavutwa kila gurudumu linaponing'inia. Ukivutwa muda mrefu hupasuka ndani, mafuta yanaingia kwa nguvu ya pedali lakini hayarudi vizuri, na pedi inabaki imeng'ang'ania diski. Nje unaonekana mzima kabisa.

Nataka kupima mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi?

Tafuta sakafu ngumu na tambarare. Wekea magurudumu ya nyuma vizuizi mbele na nyuma yake, nyanyua mbele kwa jeki, kisha liweke gari juu ya stendi mbili za chuma. Matofali ya kuchoma hayafai; yanapasuka bila kutoa taarifa. Weka transifa 2H na giaboksi nyutro.

Kwanza, habu zikiwa huru, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kwa ukinzani mdogo wa pedi tu. Hapo unapima breki na beringi za gurudumu, hakuna kingine.

Pili, funga habu, zungusha tena polepole. Upande wa pili utazunguka kinyume, au propela itazunguka, au vyote kidogo; hiyo ni tabia ya difu, isikutishe. Unachotafuta ni mahali pagumu panapojirudia. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Ugumu ukija kila alama ya tairi inaporudi palepale, mshuku draivu shafti, jointi yake au beringi. Ukija kila propela inapomaliza mzunguko au nusu mzunguko, mshukiwa ni krosi (jointi ya kukunjika ya propela) au pinioni ya difu (gia ndogo inayopokea mzunguko wa propela). Dakika tano za chaki zinakuepusha kununua kipuri cha upande usiohusika.

Tatu, rudia huku msaidizi akigeuza usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ugumu unaotokea usukani ukiwa umekatwa kabisa, na kupotea ukinyooka, unaelekeza kwenye jointi ya nje ya draivu shafti.

Nne, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine, toa propela ya mbele. Piga alama za rangi kwenye flanji (sahani za boliti) zote mbili na kwenye sehemu inayoteleza ili irudi kama ilivyotoka, fungua boliti za pande mbili, iteremshe. Zungusha magurudumu tena. Ugumu ukiisha, uko kwenye propela au transifa. Ukibaki, uko kwenye difu, draivu shafti au habu. Umeligawa tatizo katikati kwa kufungua boliti chache, na hujatumia hata shilingi.

Halafu ishike propela yenyewe mkononi. Kila krosi inatakiwa ikunjike laini pande zote mbili. Ikikwama katikati kana kwamba kuna kijishimo, imekwisha, hata kama haina mchezo. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanaitikisa, wanaona haichezi, wanasema nzima. Krosi iliyoganda haichezi. Tazama pia mdomo wa uma (mkono wa chuma unaoshika krosi) pale unapokaribia uma mwenzake; mkwaruzo unaong'aa maana yake vyuma vimekuwa vikigusana gari likining'inia.

Kwa nini gari linakaba likiwa juu ya stendi lakini barabarani liko sawa? Au kinyume chake?

Kwa sababu pembe si zilezile. Stendi zikikaa chini ya chesisi, ekseli inaning'inia na pembe za propela na draivu shafti zinafika mwisho wake. Stendi zikikaa chini ya ekseli, gari linakaa kwenye kimo chake cha kutembelea. Kwa gari la saspensheni huru (kila gurudumu la mbele lina mkono wake), weka jeki chini ya mkono wa chini wa saspensheni ili gurudumu lipande hadi kimo chake.

Pima mara mbili, kila hali peke yake. Likikaba likining'inia tu, limeinuliwa kupita uwezo wa jointi zake, au shokapu zimekuwa ndefu mno na zinaiachia ekseli ishuke zaidi ya inavyopaswa. Barabara ya kwenda ofisini haitakuonyesha hilo. Korongo lenye kingo za juu litakuonyesha. Likikaba kwenye kimo cha kutembelea, kuna kitu kimeharibika.

Kunyanyua gari kunaharibu nini hasa?

Pembe. Karibu kila kitu kingine kinatokana na hapo.

Krosi ya kawaida haipeleki mzunguko kwa kasi sawa ikiwa imekunjwa. Katika kila mzunguko mmoja wa shafti, upande wa pili unaharakishwa mara mbili na kucheleweshwa mara mbili. Kwenye pembe ya digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini, gari halijali. Kwenye digrii 25 ni karibu asilimia 10, na hapo chuma kinasokotwa na kuachiwa maelfu ya mara kila safari. Propela ina krosi mbili ili ya pili ifute kosa la ya kwanza, lakini inafanikiwa tu pembe mbili zikilingana na uma za shafti zikiwa zimepangwa sawasawa.

Kuhusu mpangilio wa uma: propela ikichomolewa kwenye meno yake na kurudishwa meno machache pembeni, gari linaanza kutetemeka na kunguruma siku hiyohiyo, na lawama zinakwenda kwa koili mpya. Baadhi ya magari yametoka kiwandani na mpangilio wake wa pekee, ndiyo sababu alama ya rangi kabla ya kufungua haina mbadala.

Sasa tazama hesabu ya urefu. Shafti fupi yenye sentimita 40 kati ya jointi zake, ukiinua gari milimita 50 bila kushusha difu, inaongezewa takriban digrii 7. Ukiinua milimita 100, digrii 14. Propela yenye sentimita 80 kwa milimita 50 zilezile inaongezewa digrii tatu na nusu tu. Hapo unaelewa kwa nini Hilux ya saspensheni huru hulalamika mapema kuliko Mkonga yenye ekseli nzima (chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu): shafti zake za pembeni ni fupi.

Hilux yangu (Vigo au Revo) ina saspensheni huru. Niangalie nini baada ya kuinua?

Buti za sivi jointi kwanza, yaani mipira inayofunika jointi za draivu shafti. Kwenye pembe kali mikunjo ya buti inasuguana yenyewe kwa yenyewe hadi inatoboka, na vumbi letu la mchanga likishaingia kwenye grisi, linageuka kuwa dawa ya kusagia chuma. Tafuta grisi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu na kwenye mkono wa saspensheni.

Kisha angalia kama fundi aliyeinua aliishusha na difu kwa spesa zake. Kwa milimita 50 magari mengi yanavumilia bila hivyo. Ukizidisha, ni lazima. Angalia pia kama mkono wa juu unaigusa koili gurudumu likining'inia. Mguso huo hutoa mlio wa kugonga ambao wengi huudhania kuwa sivi jointi.

Baadhi ya gari hizi hazina habu za kufungua. Shafti zinazunguka muda wote, na kitenganishi kimo ndani ya difu ya mbele. Kikiganda kimeunganishwa, hutasikia kukaba ukiwa 2H, ila propela ya mbele itazunguka na kuchakaa bila sababu.

Mimi nina Mkonga yenye koili mbele. Niliambiwa nirekebishe kasta, sasa propela inalia. Imekuwaje?

Imekuwa kama ilivyotarajiwa. Ekseli yako ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma hadi chesisi. Ukiinua chesisi, ncha za nyuma za mikono zinapanda, na ekseli nzima inajiviringisha: pinioni inatazama juu zaidi, na kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kukatia kona, inapungua. Matokeo ya kasta ndogo ni usukani usiorudi wenyewe na gari linalotangatanga kwenye lami ya Kondoa.

Fundi akaweka bushi zenye tundu la pembeni ili kurudisha kasta. Ekseli ikaviringika kurudi, kasta ikapona, lakini pinioni ikashuka na pembe ya krosi ya chini ikakua. Vitu hivi viwili vimefungwa kwenye chuma kimoja; huwezi kuvipa vyote kila kinachotaka kwa bushi pekee. Suluhisho la kweli kwa gari lililoinuliwa sana ni propela yenye krosi pacha upande wa transifa, nayo inataka pinioni iielekee transifa moja kwa moja, kwa hiyo unarudi tena kwenye kasta. Chagua kimo ambacho hakikulazimishi kuchagua.

Usukani ni mgumu kwenye kona lakini magurudumu yakinyanyuliwa yanazunguka vizuri. Ni fowili?

Huenda sivyo. Kwenye ekseli nzima za Toyota, beringi ndogo za juu na chini za kiungo cha usukani zikikazwa mno au zikiota kutu, usukani unakuwa mzito hata gari likiwa limezimwa. Chomoa tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu), shika gurudumu lililonyanyuliwa, ligeuze kushoto na kulia kwa mkono. Likigoma, umeshapata. Likigeuka laini, tafuta juu zaidi: boksi la usukani, au kajikrosi kadogo ka nguzo ya usukani ambako hakuna anayekakumbuka kukatia grisi.

Sauti ya ta-ta-ta nikikata kona na kukanyaga mafuta?

Jointi ya nje ya draivu shafti imelika. Bado haijakaba, ila iko njiani. Kwenye ekseli nzima, fungua pia boliti ya mafuta ya difu: sili ya ndani ikiwa imekufa, mafuta ya difu yanavuka kwenda kuosha grisi ya jointi na kutokea nje kwenye mpira wa kiungo kama uji mweusi.

Linakaba hata nikiwa nimenyoosha usukani, 4H, kwenye vumbi. Sijawahi kuona hivi.

Hapa tunaacha kona kabisa. Kukaba kwenye mstari ulionyooka kuna sababu kubwa mbili: matairi yasiyolingana, au difu zisizolingana.

Matairi kwanza kwa sababu ni rahisi. Kwa namba za ubavuni, tairi la 265/70R16 lina mzingo wa takriban milimita 2,442, na la 265/75R16 takriban 2,525. Kwa macho ni pacha. Kwa kilomita moja, dogo linazunguka kama mara 13 zaidi ya kubwa. Ukiweka aina moja mbele na nyingine nyuma kisha ukafunga 4H, transifa inalazimishwa kumeza tofauti hiyo kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka kutoka hapa hadi Manyoni. Jozi mpya nyuma na jozi iliyokwisha mbele huleta ugomvi huohuo kwa kiasi kidogo, na upepo tofauti unaongeza chumvi. Usiamini namba peke yake: piga chaki kwenye tairi na sakafu, sukuma gari hadi chaki irudi chini, pima kwa futi kamba. Fanya mbele na nyuma.

Matairi yote sawa. Nilibadilisha difu ya mbele, nikafunga ya mtumba.

Ungeanza na hilo, bosi.

Difu za Toyota zinazofanana kwa nje zina uwiano tofauti ndani: 3.909, 4.1, 4.3, 4.556, 4.875. Muuzaji anaiangalia nyumba yake, anakwambia inaingia, na kweli inaingia. Ya mbele ikiwa 3.909 na ya nyuma 4.1, tofauti ni karibu asilimia 5, na fowili haitakaa sawa kamwe.

Kuhesabu bila kufungua difu: nyanyua gurudumu moja tu la mbele, la pili libaki chini. Transifa 2H, habu zimefungwa. Zungusha gurudumu lililo juu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa upande wa pili umesimama, mara 20 za gurudumu moja ni sawa na mara 10 za difu nzima. Propela ikizunguka 41, una 4.1. Ikizunguka 39 na kitu, una 3.909. Arobaini na tano na nusu ni 4.556. Kisha fanya nyuma vilevile, giaboksi nyutro, hendibreki imeachiwa, na magurudumu ya mbele yamewekewa vizuizi vizuri. Difu ya nyuma yenye kifaa cha kubana mtelezo itagoma kuzunguka upande mmoja. Hiyo nyanyua magurudumu yote mawili, yazungushe pamoja mara 10 badala ya 20.

Ukiwa na tofauti, hakuna marekebisho ya ujanja. Badilisha difu, au itumie kama 2H mpaka upate inayolingana.

Meno ya propela yanahitaji grisi kiasi gani?

Kidogo, mara nyingi. Sehemu ile inayoteleza inarefuka na kufupika kila saspensheni inapocheza. Ikikauka, propela inageuka nondo inayosukuma beringi ya transifa kwenye kila shimo. Lakini ukijaza grisi hadi ishibe, inajifunga kwa ndani na propela haifupiki tena. Watu hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Baada ya kuinua, hakikisha pia meno yaliyobaki yameshikana vya kutosha gari likining'inia. Yakionekana yametoka sana, propela inahitaji kurefushwa au spesa kwenye flanji.

Nilipita maji Bahi, wiki mbili baadaye mbele kukaanza kunguruma na kukaba.

Fungua boliti ya difu. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kitundu cha kupumulia. Mwaga, suuza, weka mapya, na usikilize beringi. Kisha ongeza mpira wa kupumulia upande hadi kwenye boneti. Mtu anayenunua koili za gharama na kuacha mpira huo wa bei ndogo amenunua kimo cha kupigia picha.

Kwa barabara za Dodoma, niinue kiasi gani?

Milimita 50 zinatosha kwa karibu kila mtu, pamoja na wanaopanda milima ya Kibakwe. Kinachowakwamisha watu kwenye makorongo ya mchanga ni upepo mwingi kwenye matairi kuliko kimo. Wanaotaka 100 na zaidi tunawafungia, ila kwanza tunaandika kwenye karatasi vitu vitakavyofuata: difu kushushwa, propela, mipira ya breki, bushi za kasta. Wengi wakishasoma orodha, 50 inapendeza ghafla.

Nimwambie nini fundi ili asianze kubadilisha vitu kwa kubahatisha?

Mwambie gia ilikuwa wapi, habu zilikuwa wapi, umenyooka au kwenye kona, lami au vumbi, na nini kilibadilishwa mwisho. Usiseme tu "linakaba mbele". Omba aitoe propela mbele yako na akuonyeshe krosi kabla hajataja transifa. Transifa hufa, ndiyo, lakini krosi hufa mara nyingi zaidi na bei zao hazikai meza moja.

Nimekwama mbali. Naweza kuitoa propela ya mbele na kuendesha hadi nyumbani?

Kwa gari la fowili ya kuweka na kutoa, ndiyo. Fungua habu kama zipo, toa propela nzima, weka 2H, nenda taratibu. Flanji zinabaki mahali pake, kwa hiyo mafuta hayamwagiki. Kwa gari la fowili ya kudumu, lazima ufunge difu ya katikati, la sivyo mzunguko wote utapotelea kwenye flanji iliyo tupu na gari halitasogea.

Kama kilichovunjika ni sivi jointi ya nje ya saspensheni huru, usiichomoe na kuacha tundu: kwenye gari nyingi kishina chake na nati ndivyo vinavyoibana beringi ya gurudumu. Propela uliyoitoa iweke ndani ya bodi na uifunge kwa kamba, na boliti zake zirudishe kwenye flanji kwa mkono ili zisipotee njiani.